Pampu inasingiziwa: kutafuta hitilafu kwenye manifoldi ya akwariamu

Huku Bukavu, mwenye akwariamu tatu au nne kwenye rafu moja akiona maji yamepungua, neno la kwanza ni "pampu imekufa". Kesho yake yuko sokoni Kadutu anauliza bei ya nyingine, kubwa zaidi. Anaifunga kwenye tiyo (mabomba) zile zile, na akwariamu ya mwisho inabaki na kiu ile ile. Pampu nyingi zinazotupwa hazina kosa. Kosa liko kwenye tiyo, kwenye robine (koki ya kufungua na kufunga maji), au kwenye njia ya maji kurudi chini.

Manifoldi yenyewe si kitu cha ajabu: ni tiyo moja kuu inayotoka kwenye pampu, yenye midomo kadhaa. Kila mdomo una robine yake na unalisha akwariamu moja au chujio moja. Maji yakizidi juu hushuka yenyewe hadi tangi la chini, pampu inayapandisha tena, na mzunguko unaendelea usiku na mchana, umeme ukiwepo.

Kabla ya kugusa chochote, chomoa pampu na hita kwenye soketi. Kuzima swichi hakutoshi. Hita iliyoachwa na moto maji yanaposhuka hupasuka kioo, na hapo umeme uko ndani ya maji. Waya wa kila kifaa upite chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda, ili tone linaloteleza juu yake lidondokee sakafuni lisiingie kwenye soketi. Ukihisi ganzi au mtetemo kwenye vidole ulipogusa maji, usitafute chanzo mwenyewe. Toa mkono, kata umeme kwenye swichi kuu ya nyumba, ita fundi wa umeme, na akija mwambie afunge dijonkteri diferansieli ya miliampia 30, ile inayokata umeme yenyewe unapovuja, kwenye mstari huo.

Umeme ukikatika, sebule inalowa

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na katika mji wenye delestaji (mgao wa umeme) kama wetu haliwezi kuwa vingine. Pampu ikisimama, maji hurudi kwa njia yaliyopandia. Mdomo wa tiyo ukiwa umezama ndani ya akwariamu, maji yataendelea kufyonzwa hadi usawa ushuke kufikia mdomo huo. Piga hesabu: akwariamu yenye urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 50 hutoa lita 6 kwa kila sentimita inayoshuka. Mdomo uliozama sentimita 10 ni lita 60, na hiyo ni akwariamu moja tu. Tangi la chini lenye nafasi ya lita 40 litamwaga zilizobaki sakafuni, na kama unakaa ghorofani, jirani wa chini ndiye atakayepanda kukuletea habari.

Sababu ya kwanza, basi, ni huo mdomo kuwa chini mno. Upandishe hadi sentimita moja au mbili chini ya uso wa maji. Ya pili ni tundu la hewa lililozibwa. Tundu hilo, la milimita 4 au 5, hutobolewa kwenye tiyo ya kuingizia, chini kidogo tu ya uso wa maji. Usawa ukishuka kidogo tundu hufunuka, hewa inaingia, na mfyonzo unakatika. Mwani na konokono wadogo hupapenda mahali hapo. Lichokonoe kwa njiti ya meno kila unapobadilisha maji. Usipoliona kabisa, huenda fundi hakulitoboa.

Ya tatu ni tangi la chini kujazwa kupita kiasi. Watu huliangalia pampu ikiwa inafanya kazi, wanaona nafasi, wanaongeza ndoo. Nafasi hiyo si ya bure. Ni ya maji yatakayorudi. Jipimie mchana, ukiwa na ndoo na matambara karibu: chomoa pampu, subiri hadi hakuna maji yanayoshuka tena, kisha jaza tangi la chini hadi sentimita 3 chini ya ukingo. Washa pampu, subiri usawa utulie, chora mstari kwa kalamu ya rangi nje ya kioo. Juu ya mstari huo usijaze tena, hata mgeni akikuambia tangi linaonekana tupu.

Sababu ya nne huwachanganya hata mafundi wazuri, kwa kuwa haitokei kwenye akwariamu moja. Umeweka klape, ile valvu ya kuzuia maji yasirudi kwenye pampu, na inafanya kazi vizuri. Bado umeme ukikatika akwariamu ya rafu ya juu inapungua, na ile ya rafu ya chini inamwaga maji kwenye njia yake ya kurudi kama mfereji. Kinachotokea ni kwamba maji ya juu yanaingia kwenye tiyo kuu kupitia tawi lao na kutokea kwenye tawi la chini. Hayahitaji kupita kwenye pampu, kwa hiyo klape iliyo kando ya pampu haiwezi kuyazuia. Dawa ni kila tawi, la rafu ya juu na la rafu ya chini, kuwa na tundu lake la hewa, bila kuacha hata moja.

Na hiyo klape isiwe ndiyo tegemeo lako. Punje moja ya mchanga ikikaa kwenye kifuniko chake, haifungi tena. Iweke kama unataka, lakini mfumo wako uwe salama hata ukiitoa.

Akwariamu ya mwisho inapata maji ya kudondoka

Usifungue kitu bado. Chukua ndoo ya lita 10 na saa ya simu. Elekeza mdomo wa tawi la kwanza ndani ya ndoo na uhesabu sekunde hadi ijae, kisha fanya hivyo kwa kila tawi, robine zote zikiwa kama zilivyo. Sekunde 30 ni sawa na lita 1,200 kwa saa. Sekunde 60 ni lita 600. Andika. Wafugaji wengi huridhika na mzunguko wa mara nne au tano ya ujazo wa akwariamu kwa saa, kwa hiyo akwariamu ya lita 100 inataka lita 400 hadi 500. Mara nyingi namba zenyewe zitakuonyesha mwizi: tawi la kwanza linakunywa lita 1,200, la mwisho 150, na jumla yake ingetosha wote.

Hapo tatizo ni mgawo. Fungua robine zote kabisa, kisha anza kubana ile iliyo karibu na pampu, kidogo kidogo, na kupima tena, ukielekea mwisho. Ya mwisho iache wazi. Robine ya tufe, ile ya mkono unaogeuka robo duara tu, ni korofi kwa kazi hii: mkono ukiwa katikati maji hayawi nusu, na mguso mdogo karibu na kufunga hubadilisha mengi. Kwa matawi unayotaka kuyapima kwa makini, robine ya gurudumu la kuzungusha ni bora, ingawa ni ghali kidogo na si kila duka lina ya plastiki.

Kama jumla ya matawi yote ni ndogo, rudi kwenye pampu, lakini kwa kusafisha kwanza. Fungua kichujio chake cha sponji, toa feni, ile inayozunguka ndani na kusukuma maji, sugua utelezi. Maji ya Ziwa Kivu yana chumvichumvi nyingi na pH iliyo karibu na 9. Ukiyatumia, utakuta ganda jeupe kwenye feni na ndani ya kikombe inamokaa. Loweka vipande hivyo kwenye siki iliyochanganywa na maji kwa saa chache, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza vizuri.

Hapo hapo, angalia sumaku ya feni. Ikiwa imevaa manyoya meusi kama ndevu fupi, hayo si uchafu wa kawaida. Mchanga mweusi wa lava, ule ambao wengi huagiza kutoka Goma kwa sababu samaki hung'aa juu yake, mara nyingi huwa na chembe zinazonaswa na sumaku. Pampu inazivuta, zinakaa kwenye sumaku, na zinakwangua ukuta wa kikombe hadi feni inaanza kuyumba. Kabla ya kuweka mchanga huo, pitisha juu yake sumaku ya spika ya zamani iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki, mara nyingi, hadi isiokote kitu. Kama mchanga umeshaingia, funika mdomo wa kuvutia kwa sponji laini.

Pampu ni safi na jumla bado ni ndogo? Soma karatasi yake. Namba kubwa kwenye boksi, tuseme lita 3,000 kwa saa, ni ya pampu isiyopandisha maji hata kidogo. Kando yake kuna kimo cha juu kabisa, tuseme mita 3. Kwenye kimo hicho maji yanayotoka ni sifuri. Ukipandisha mita moja na nusu kutoka uso wa tangi la chini, tegemea kama nusu, na kona na robine zipunguze tena. Ndugu yangu, hakuna anayekuibia. Ndivyo pampu nyingi zinavyoandikwa.

Mwisho kabisa ndipo ushuku tiyo kuu. Kipenyo kikiongezeka mara mbili, nafasi ya ndani huongezeka mara nne, kwa hiyo tofauti kati ya tiyo ya milimita 20 na ya 40 si ndogo kama macho yanavyodhani. Tiyo kuu iwe nene kuliko matawi yake kwa saizi moja au mbili. Kama matawi ni mengi, unganisha ncha mbili za tiyo kuu iwe duara; maji yakifika kila tawi kutoka pande mbili, ugomvi wa wa kwanza na wa mwisho hupungua sana. Na kama una pampu kubwa kuliko mahitaji, ongeza tawi moja linalorudi moja kwa moja kwenye tangi la chini. Robine hiyo ndiyo ya kupunguzia nguvu mfumo mzima bila kuvuruga mgawo.

Umeme umerudi, pampu inavuma, maji hayapandi

Mara nyingi ni hewa. Tangi la chini lilipungua, pampu ikabaki nusu nje ya maji, na sasa feni inazungukia kwenye povu. Chomoa, itikise chini ya maji hadi vipovu viishe, chomeka. Kama una klape juu ya pampu, hewa inaweza kufungiwa kati yake na feni, maana hakuna nguvu ya kuifungua. Tundu la milimita 2 kwenye tiyo, kati ya pampu na klape, chini ya uso wa maji, humaliza hadithi hiyo.

Kama si hewa, ni feni iliyokwama. Chomoa, ifungue, izungushe kwa kidole. Shafti ya seramiki hukatika kama chaki: ikiwa imekatika, feni itayumba na kugonga. Nunua shafti, si pampu nzima, kama duka linayo.

Kisha kuna umeme wenyewe. Pampu iliyoandikwa volti 220 inapopewa 170 jioni mtaa mzima unapopika, inaweza kuvuma bila kuanza, huku ikipata joto. Pima kwa multimita kama unajua kuitumia. Hujui, muombe fundi. Inveta (vifaa vya kugeuza umeme wa betri) za bei rahisi, zile ambazo mawimbi yake si laini, nazo hufanya pampu zilie na kuchemka. Pampu ikiwa ya moto kiasi cha kushindwa kuishika, au ikinuka plastiki iliyoungua, usiijaribu tena hata mara moja. Hiyo kweli imekufa.

Vipovu vidogo na kelele

Angalia kina cha maji kwenye chumba cha pampu, ile sehemu ya tangi la chini pampu inamokaa; ukiona kizunguzungu cha maji juu ya mdomo wa kuvuta, ongeza maji hadi kwenye mstari wako. Kama pampu iko nje ya tangi, shuku viungio vya upande wa kuvuta. Viungio hivi havidondoshi tone, vinafyonza hewa, ndiyo maana mtu hupapasa kila mahali na kukuta pakavu. Mimina maji polepole juu ya kiungio kimoja kimoja pampu ikiwa inazunguka: pale unapomimina na vipovu vinakoma, umefika. Hakikisha tu maji hayo hayafiki kwenye mota wala waya.

Mlio wa kufoka ni robine iliyobanwa mno. Mngurumo unaosikika hadi chumba cha pili ni mtetemo unaopanda kwenye tiyo ngumu. Weka kipande cha mpira wa silikoni cha sentimita 10 au 15 kati ya pampu na tiyo kuu, chenye kibano kila upande.

Tone kwenye kiungio

Kausha kiungio kwa tambara, kifunge kipande cha karatasi ya chooni, subiri. Tone hutembea kabla ya kudondoka, na mahali unapoliona si lazima pawe mahali lilipozaliwa.

Kwenye nyuzi za skrubu, kosa la kawaida ni tepu ya tefloni kuzungushwa kinyume, ikavuliwa wakati wa kukaza. Izungushe kwa upande ule ule kiungio kinavyokazwa. La pili ni nguvu. Kiungio cha chuma chenye nyuzi za nje, kikikazwa kwa spana ndani ya plastiki, huipasua plastiki kwa ufa mwembamba kama unywele; hakivuji leo, kinavuja wiki ijayo. Ukilazimika kuvichanganya, fanya kinyume: plastiki iingie ndani ya chuma.

Kwenye viungio vya kole (gundi ya tiyo), mara nyingi tiyo haikuingia hadi mwisho, au iligundishwa ikiwa na vumbi la msumeno. Kole mpya iliyopakwa juu kwa nje haizibi kitu; kata kipande hicho na uunge upya. Iache saa 24 kabla ya kutia maji, zaidi wakati wa baridi ya mvua. Na angalia unachonunua. Kole ya PVC haishiki tiyo nyeusi ya polietilini wala ile ya PPR inayoungwa kwa pasi ya moto, hata muuzaji akiapa. Tiyo nyembamba ya kijivu ya maji machafu nayo si rafiki wa manifoldi: presha ya pampu ya akwariamu ni ndogo, mita 3 ni kama ba 0.3 tu, lakini viungio vyake havikutengenezwa kushikilia maji yanayosukumwa. Tafuta iliyochapishwa PN 10 au PN 16, yaani ya presha ya ba 10 au 16.

Kiungio kinachopenya kioo kikivuja, huenda mpira wake umewekwa upande wa nati badala ya upande wa maji. Kaza kwa mkono, kisha robo mzunguko, basi. Ukiona ufa kwenye kioo karibu na tundu, hata wa sentimita moja, usikaze, usipake silikoni juu. Toa samaki, shusha maji, muite fundi wa vioo.

Akwariamu moja inajaa hadi ukingoni

Njia yake ya kurudi imeziba: jani, konokono, au samaki mdogo aliyekufa kwenye wavu. Ondoa, kisha angalia kama tiyo ya kushukia ni nene kuliko ya kupandishia, kama inavyotakiwa. Kila akwariamu iwe na njia yake hadi tangi la chini. Mbili zikichangia tiyo moja ya kushukia, hewa hufungwa katikati na moja hupandisha usawa bila sababu inayoonekana.

Jaribio moja linafaa kufanywa ukiwa umesimama hapo. Ziba njia ya kurudi ya akwariamu moja kwa mkono uliovaa glavu ya mpira na uiache pampu iendelee. Chumba cha pampu kinapaswa kukauka kabla akwariamu haijamwaga. Kama akwariamu inamwaga kwanza, chumba hicho kina maji mengi mno. Chomoa pampu mara tu inapoanza kunyonya hewa.

Samaki wanahemea juu baada ya kufunga tiyo mpya

Washa pampu ya hewa kwanza, maswali baadaye. Bukavu iko kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, na kwenye kimo hicho maji ya nyuzi 25 hubeba takribani miligramu 7 za oksijeni kwa lita, wakati pwani hubeba zaidi ya 8. Akiba yetu ni ndogo tangu mwanzo, na mzunguko ukipungua samaki wanalisikia haraka. Pampu ya hewa yenye betri yake ni kifaa cha kwanza kununua, kabla ya taa za rangi.

Kama hewa ipo na bado wanahema, fikiria maji yaliyoongezwa wakati wa kazi. Maji ya robine ya REGIDESO, shirika la maji la Kongo, yakiwa na klorini yanahitaji kupumzika siku nzima kwenye pipa wazi, ikiwezekana yakipuliziwa hewa. Kole isiyokauka hutoa harufu kali: zungusha maji bila samaki, yamwage, jaza upya.

Sababu ya mwisho huchelewa kuonekana. Viungio vya shaba njano kutoka duka la vifaa vya ujenzi hutoa shaba polepole, na wa kwanza kufa ni uduvi na konokono, samaki wakifuata baadaye. Maji ya mvua yanazidisha jambo hilo, kwa kuwa ni laini na hula chuma. Yakipita kwenye mabati huja tayari na zinki. Ukikuta konokono wameanguka chali na samaki wako salama, pitia tiyo yote kwa macho, ukitafuta kila kinachong'aa kwa njano, ukibadilishe kwa plastiki.

Kuna mambo mawili ambayo plombie (fundi bomba) mwenyewe atakuelekeza kwingine. Tangi lenye lita 300, pamoja na mchanga, kioo na meza yake, hukaribia kilo 400. Ikiwa liko juu ya sakafu ya mbao na mbao zimeanza kulia au meza imeinama, shusha maji hadi robo na umuite fundi seremala au mason (mwashi) kabla ya kugusa tiyo. Na maji yakionekana kwenye ukuta au kwenye dari ya chini wakati viungio vyako vyote ni vikavu, funga pia robine kuu ya nyumba. Yakikoma, tiyo iliyopasuka ni ya nyumba, na ya kuzungumza ni wewe na mwenye nyumba.